Mchezo umekamilika, lakini jina lake lasomeka?

IWAPO nyumbani kwako kuna mtoto wa shule, bila shaka umewahi kuliona jina la mchezo wa Minecraft likijitokeza kwenye kioo cha kompyuta au simu. Herufi zake ni nene mithili ya mawe ya kujengea. Zina nyufa, zina uso na ubavu, na kwenye ile A pamechongwa sura ya dude mashuhuri la mchezo huo ambalo huwalipukia wachezaji. Hata mtoto ambaye hajaanza kusoma hulitambua jina hilo akiwa upande wa pili wa chumba. Mchezo wenyewe ulikamilika mwaka wa 2011, wakati ambapo kompyuta zilikuwa na uwezo wa kuchora karibu kila kitu, lakini waliouunda walichagua herufi zinazoonekana kana kwamba zilitoka katika mashine za miaka ya themanini.

Sasa, msomaji, mfikirie kijana wa shule ya upili au wa chuo ambaye ameamua kuunda mchezo wake mwenyewe. Huenda yuko papo hapo nyumbani kwako, nawe unadhani anapoteza wakati. Amekesha miezi kadhaa akipanga jinsi mchungaji atakavyotembea, jinsi ng'ombe watakavyotoroka na jinsi alama zitakavyohesabiwa. Anapofika kwenye jina, analiandika kwa dakika tano kwa herufi zozote zilizokuja na kompyuta, analipaka rangi nyekundu, basi. Kisha anashangaa kwamba wenzake wanaupita mchezo wake bila hata kuufungua. Kwenye simu, mchezo huo umepangwa safu moja na mamia ya mingine, na mtu anayepitisha kidole juu ya kioo hana subira ya kufumbua fumbo. Jina ambalo halisomeki mara moja ni mlango uliofungwa.

Kuna kisingizio ambacho husikika sana miongoni mwa vijana wanaoshughulika na michezo hii, nacho ni kwamba majina ya Kiswahili hayakai vizuri katika herufi za mtindo wa zamani. Wanasema ni marefu, yamejaa M, K na W, na yana alama za ajabu kama ile ya ng'. Kwa sababu hiyo mchezo wa kuchunga ng'ombe Kajiado hupewa jina la Kiingereza. Mkenya Wesley Kirinya alipotoa mchezo wake wa vipimo vitatu mwaka wa 2007, shujaa wake aliitwa Nyangi, ingawa jina kamili lilikuwa la Kiingereza, The Adventures of Nyangi. Kisingizio hicho kina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo tutakayoichambua leo, kwa daftari la hesabu na penseli kabla ya kuiwasha kompyuta.

Kutoka Nokia hadi Famicom

Picha yoyote kwenye kioo cha kompyuta imejengwa kwa vijimraba vidogo vinavyoitwa pikseli. Siku hizi ni vidogo mno hata jicho haliwezi kuvitenganisha. Zamani vilionekana wazi. Wengi wetu tulikutana navyo kupitia mchezo wa nyoka kwenye simu za Nokia, mchezo ambao Taneli Armanto wa Finland aliuandaa kwa ajili ya Nokia 6110 iliyotolewa mwaka wa 1997. Kioo cha simu hiyo kilikuwa na pikseli 84 kwa upana na 48 kwa urefu, yaani vijimraba 4,032 tu, na kila kimoja kilikuwa ama cheusi ama kitupu. Lile nyoka lililokuwa likizunguka kioo kila tulipokuwa tukisubiri matatu lilikuwa safu ya vijimraba tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na mashine za kuchomekwa kwenye runinga. Iliyovuma zaidi ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1983, na ambayo nakala zake za bandia zilienea hadi katika vibanda vya miji yetu. Picha ya Famicom ilikuwa na pikseli 256 kwa 240. Hata hivyo, mashine haikumruhusu mchoraji kuiweka kila pikseli apendavyo. Ilijenga picha kwa vigae vya pikseli nane kwa nane, kama fundi anayepanga vigae bafuni, na ghala la vigae vya mandhari lilikuwa na nafasi ya vigae 256 kwa wakati mmoja. Rangi nazo zilikuwa za kuhesabu. Mchoraji alipewa makundi manne, kila kundi na rangi tatu pamoja na rangi moja ya nyuma iliyotumiwa na makundi yote.

Herufi za kawaida za michezo ya zamani zilikaa ndani ya kigae kimoja. Kampuni ya Atari ilikuwa na herufi za aina hiyo kufikia mwaka wa 1976, na umbo lake likaigwa na kampuni nyingine, Namco ya Japani ikiwemo, hata likawa sura ya kawaida ya michezo ya video kwa miaka mingi. Nguzo za herufi hizo zilikuwa na upana wa pikseli mbili, kwa kuwa mstari wa wima wa pikseli moja uliweza kufifia kwenye runinga za enzi hizo. Mwaka wa 2019 mtaalamu wa herufi Toshi Omagari alizikusanya herufi nyingi za mashine hizo katika kitabu kizima, Arcade Game Typography, na anayekipekua hustaajabu kuona sura ngapi tofauti ziliweza kutoshea ndani ya vijimraba 64.

Jina la mchezo, hata hivyo, halikutosheka na kigae kimoja. Wauzaji walitaka jina lishtue kama mabango ya sinema. Wazee wetu wanaokumbuka filamu ya Ben-Hur ya mwaka wa 1959 watakumbuka bango lake, ambapo jina limesimama kama jengo kubwa la mawe na watu wanaonekana wadogo chini yake. Herufi za namna hiyo, zenye uzito wa kitu unachoweza kukigonga kichwa, ndizo wachoraji wa michezo walizojaribu kuziunda kwa vijimraba vichache. Wachoraji wa matatu jijini Nairobi wanaijua kazi hiyo vizuri, maana wao pia huipa herufi ubavu na kivuli ili jina lisomwe gari likipita kasi. Tofauti ni kwamba mchoraji wa matatu ana ubavu mzima wa basi, ilhali mchoraji wa Famicom alikuwa na vigae.

Tazama jinsi Nintendo walivyojitoa katika mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka wa 1985. Waliliweka jina juu ya ubao wa rangi ya udongo, wakauchora ubao wenyewe kwa kingo nyangavu na kingo za giza, ukawa kama umepigiliwa misumari mbele ya mandhari. Mchezo mzima, pamoja na muziki na wale maadui wote, ulikuwa na kilobaiti 40. Picha moja uliyopiga jana kwa simu yako ni kubwa kuliko mchezo huo mara nyingi.

Penseli kwanza

Susan Kare, aliyebuni herufi na alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka wa 1984, alianza kwa kuzichora kwenye karatasi yenye miraba. Hakuwa mhandisi wa kompyuta. Alikuwa mtu wa sanaa aliyewahi kushughulika na vigae vya mapambo na kazi za kudarizi, akaona kwamba pikseli ni jambo lile lile. Kwa hiyo ikiwa mama yako au shangazi yako amewahi kudarizi vitambaa vya meza kwa kuhesabu nyuzi, basi nyumbani mna mwalimu. Mpe daftari lako atazame. Ataona kasoro ya upinde wa herufi kabla yako.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba, na tuandike jina la ule mchezo wa kuchunga, NG'OMBE. Nimelichagua kwa makusudi. Lina herufi sita, lina M, na lina ile alama ndogo inayowatia vijana kiwewe.

Tuseme tunachora kwa ajili ya kioo cha upana wa pikseli 256, kama Famicom. Mtu mwenye pupa huanza kwa kuigawia kila herufi pikseli 32. N, G, O na B zinakula 128. M inahitaji zaidi, tuipe 40. E ni nyembamba, tuipe 28. Alama ya ng' tuipe 8. Jumla ni 204. Kati ya vitu hivyo saba kuna mianya sita, na kila mwanya ukiwa wa pikseli 6 tumeongeza 36, tukafika 240. Hapo ndipo mchoraji anapokumbuka kwamba herufi zina unene unaojitokeza upande wa kulia, pikseli 4 nyingine. Amebaki na pikseli 12, yaani 6 kila upande. Runinga za zamani zilikuwa na tabia ya kukata kingo za picha, kwa hiyo N yake ingekatwa mguu na E ingekatwa mikono. Kijana akifika hapa hutupa penseli na kusema Kiswahili hakifai.

Kosa haliko katika Kiswahili. Aligawa nafasi kabla ya kuulipia unene.

Anza upya, na safari hii fuata vigae. Nguzo ya herufi iwe na upana wa pikseli 8, kigae kimoja kamili. Tundu la ndani liwe pikseli 8, na nguzo ya pili pikseli 8. Hiyo ni herufi ya upana wa pikseli 24. Urefu uwe 40, yaani vigae vitano: boriti, tundu, boriti, tundu, boriti. Ukiichora B namna hiyo utaona inakaa kwenye miraba kama nyumba iliyopimwa na fundi. M ipewe 32, nguzo mbili na nafasi ya 16 katikati. Baada ya kila herufi acha pikseli 8, ambazo nne ni za unene na nne ni za hewa. Alama ya ng' ipewe 16 pamoja na hewa yake. Hesabu: herufi tano kwa 32 ni 160, M na mwanya wake ni 40, alama ni 16. Jumla 216. Umebaki na pikseli 40 za kugawa pande mbili, jina linapumua, na hakuna kilichokatwa.

Kuna faida nyingine ya kufuata vigae ambayo kijana wa leo anaweza kuipuuza. Jina la vigae 27 kwa upana na vitano kwa urefu, ukiongeza safu moja ya chini kwa ajili ya unene, ni vigae 162. Kama kila kimoja kingekuwa tofauti, ghala la vigae 256 lingebaki na 94 tu kwa alfabeti, tarakimu, nyasi, mawingu na boma zima. Lakini nguzo ya N ikisimama sawasawa kwenye kigae, kigae hicho hicho kitajenga nguzo ya M na ya B. Ndiyo maana majina mengi ya michezo ya zamani yana herufi zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja. Watu huudhani ni mtindo tu. Ulianza kama uchumi.

Unene na bei yake

Sasa tuipe herufi ubavu. Njia ya msingi ni rahisi ajabu. Chora uso wa herufi. Unakili, uusogeze pikseli moja kulia na moja chini, uupake rangi ya giza, uuweke nyuma. Rudia mara nne. Ukimaliza, uso uko mbele na nyuma yake kuna ngazi nne za giza zilizoungana kuwa ubavu. Kwenye kompyuta kazi hii ni ya dakika mbili. Kwenye daftari ni ya nusu saa, lakini nashikilia kwamba anayeifanya kwa mkono mara moja hatasahau kinachotokea ndani ya matundu.

Na ndani ya matundu ndiko bei inakolipwa. Unene haukui nje tu. Boriti ya juu ya B inaangusha ubavu wake ndani ya tundu, na nguzo ya kushoto pia inausukuma ubavu wake humo humo. Tundu la pikseli 8 kwa 8 likiwa na unene wa 4 linabaki na pikseli 4 kwa 4. Bado ni tundu, na jicho linaliona. Ukiwa na tamaa ukaongeza unene hadi 8, tundu limezibwa lote. B imekuwa ubao wenye madoa. O nayo inazibwa yote. Jina la NG'OMBE linakuwa ukuta, na hakuna mtu aliyewahi kusoma ukuta. Kwa maoni yangu, kabla hujapaka rangi yoyote, tafuta tundu dogo kuliko yote katika jina lako na uamue unene wako kwa kulitazama hilo. Nusu ya tundu yatosha.

Tatizo la pili ni la herufi zenye mishazari, na hapa wale vijana wana haki ya kulalamika. Unene wetu unakwenda kulia na chini kwa usawa, pikseli moja kwa moja. Mguu wa chini wa K aghalabu huchorwa ukielekea huko huko, kulia na chini, pikseli moja kwa moja. Matokeo yake ni kwamba ubavu unajificha nyuma ya mguu wenyewe. Nguzo ya K inaonekana nene kama mkungu wa ndizi, na mguu wake unaonekana kama karatasi. Ubavu wa mkono wa kushoto wa ile V iliyo katikati ya M nao hupotea vivyo hivyo. Kiswahili chetu kimejaa K na M, kwa hivyo usilipuuze jambo hili.

Dawa ni kubadilisha mteremko. Mshazari wa M ushuke pikseli mbili kwa kila moja unayokwenda kulia. Katika M yetu, V itateremka pikseli 16 ndani ya upana wa 8, na ubavu utachomoza. N yenye nafasi ya 8 tu katikati ina mshazari mkali zaidi, haina shida. Wengine huamua kuuelekeza unene chini moja kwa moja badala ya pembeni. Hapo matundu hayabanwi kutoka kushoto na mianya baina ya herufi inapungua, jambo linalofaa sana kwa jina refu kama MWANAMASUMBWI, ila nguzo hazionyeshi ubavu na herufi zinaonekana kama meno ya kitana. Kila njia ina gharama yake.

Zingatia pia ngazi za mishazari hiyo. Mshazari wa pikseli hauwezi kuwa mstari laini, ni ngazi tu, na ngazi nzuri ni ile ambayo vidato vyake vinalingana: mbili, mbili, mbili. Ukiwa na mbili, moja, tatu, jicho hukwama kama mguu gizani. Kwa pinde za G na O, vidato vipungue kwa utaratibu, vinne, viwili, kimoja, kisha vigeuke na kuongezeka vivyo hivyo.

Nuru itoke wapi?

Katika kompyuta nuru imezoea kutoka juu kushoto. Vitufe vya Windows 95 vya mwaka wa 1995 vilichorwa hivyo, kingo za juu na kushoto zikiwa nyeupe na za chini na kulia zikiwa za giza, na macho yetu yamekubali. Kwa kuwa unene wetu unakwenda kulia na chini, nuru ya juu kushoto inafaa kabisa. Uso unang'aa, ubavu wa kulia uko kivulini kiasi, na upande wa chini ndio wenye giza zaidi. Pande hizo mbili zinapokutana kwenye pembe, mpaka wake ni mshazari wa pikseli nne. Ukiuchora kwa usafi, herufi inakuwa tofali papo hapo. Ukiuacha ovyo, herufi inabaki na kivuli tu.

Ukiwa unaifuata sheria ya Famicom ya rangi tatu, utalazimika kuchagua. Rangi moja ni ya uso, moja ya ubavu, na ya tatu ama uigawie upande wa chini ama uitumie kama mstari wa mng'ao wa pikseli moja kwenye ukingo wa juu wa kila herufi. Mimi ningechagua mng'ao, kwa sababu ndio unaoifanya boriti ya juu ijitenge na mandhari. Mashine zilizofuata zilikuwa na ukarimu zaidi. Mega Drive ya kampuni ya Sega, iliyotoka mwaka wa 1988, ilikuwa na makundi manne ya rangi 16 kutoka rangi 512, na Super Famicom ya mwaka wa 1990 iliweza kuonyesha rangi 256 kwa pamoja. Basi majina yakaanza kung'aa kama shaba, uso wa herufi ukianza na manjano juu, ukapita rangi ya chungwa, ukaishia kahawia. Kijana anayeanza asikimbilie huko. Rangi tatu humfundisha mtu mambo ambayo rangi mia haziwezi.

Katika kuchagua rangi za ubavu, usichukue rangi ya uso ukaiongeza weusi. Utapata matope. Tazama ukuta wa chokaa saa kumi na moja jioni: upande unaopigwa na jua umeingiwa na manjano, na upande wa kivuli umeingiwa na bluu. Uso wa NG'OMBE ukiwa wa rangi ya kahawia ya ng'ombe wa Kimaasai, ubavu uelekee kwenye zambarau iliyokolea, na mng'ao uelekee kwenye rangi ya maziwa.

Utawasikia pia wajuzi wakitaja mbinu ya kuchanganya rangi kwa kupanga pikseli kama ubao wa drafti, moja nyekundu, moja ya manjano, ili jicho lione chungwa. Mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri kwenye runinga za zamani kwa kuwa picha yake ilikuwa na ukungu kidogo uliozichanganya rangi. Kwenye vioo vya leo vilivyo safi inaonekana kama mtu amemwaga pilipili manga. Itumie kwa kiasi, kwenye herufi kubwa tu.

Kwenye kompyuta

Habari njema kwa mzazi ni kwamba kazi hii haihitaji kompyuta ya bei ghali. Mwaka wa 1985 Dan Silva aliandika programu ya Deluxe Paint kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, na wachoraji wengi wa michezo waliitumia kwa mashine ambazo leo hazingeweza hata kufungua picha ya simu. Siku hizi GIMP inapatikana bila malipo, na GrafX2, inayofuata nyayo za zile programu za zamani, pia ni ya bure. Katika GIMP, tumia penseli, usitumie brashi, kwa maana brashi hulainisha kingo na kukuingizia rangi ambazo hukuziomba. Weka uso katika tabaka lake, ubavu katika lake, na mng'ao katika lake, ili ukibadilisha mawazo usivunje nyumba nzima.

Jina likishakamilika katika ukubwa wake mdogo, utataka kulikuza. Hapa wengi huharibu kazi ya wiki nzima kwa sekunde moja. Likuze kwa namba kamili tu, mara mbili, mara tatu au mara nne, na uiambie programu isilainishe chochote. Picha ya 256 kwa 240 ikikuzwa mara nne inakuwa 1,024 kwa 960, na kila pikseli inabaki mraba. Ukiikuza mara tatu na nusu, baadhi ya vijimraba vitakuwa vipana na vingine vyembamba, na zile nguzo ulizozipima zitaanza kupepesuka. Ihifadhi kama PNG. Faili za JPEG zinafaa picha za arusi, lakini huacha vumbi kwenye kingo za herufi.

Kisha lifanyie jina mtihani. Duka la Google Play hutaka alama ya mchezo yenye pikseli 512 kwa 512, lakini kwenye simu ya mtumiaji alama hiyo huonekana ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Jina zima halitaingia humo. Chagua herufi moja iliyojengeka vizuri, M yenye mteremko wake au ile O, iwakilishe nyingine, na jina kamili likae kwenye bango pana la duka na kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo. Ligeuze jina liwe jeusi na jeupe bila rangi yoyote. Kama uso na ubavu vimeyeyukana, rangi zako zilikuwa zikikudanganya, zilitofautiana kwa jina lakini si kwa mwanga.

Imebaki ile alama ya ng'. Vijana wabunifu hutaka kuigeuza pembe ya ng'ombe, na wazo lenyewe si baya, maana pembe ni nyembamba juu na nene chini na inaweza kuwa na ubavu wake. Lakini pembe ikikua mno, msomaji ataihesabu kuwa herufi na atasoma kitu kisichokuwepo. Ikiwa ndogo mno, unene wa G utaimeza. Iweke juu kabisa, iishie pale boriti ya juu ya G inapoishia, na iachie pikseli nne za hewa kila upande. Halafu mwite ndugu yako mdogo, mwonyeshe kioo kwa muda wa kupepesa jicho, na umwambie alitamke jina kwa sauti. Akisema "ngombe", kama ngoma, rudi kwenye alama ile na uiongeze pikseli mbili.